Mwavuli Namba Ishirini na Saba

Mwaliko ulikuwa na nembo ya serikali upande mmoja na nembo ya kampuni ya Lepheo upande wa pili, zimekaa bega kwa bega kama maharusi kwenye picha. Dieketseng Moleleki aliuegemeza kwenye cherehani yake wiki mbili nzima ili kila mteja aliyekuja kupimwa gauni auone. Ulisema kwamba yeye, mkunjaji mkuu mstaafu wa miavuli ya kurukia ya jeshi, anakaribishwa kambini Tafelrand kushuhudia kikosi kikikabidhiwa cheti cha utayari. Naibu waziri angekuwepo. Askari arobaini wangeruka kutoka kwenye ndege. Chai na vitafunio vingetolewa, na hapo mwalikaji hakusema uongo.

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu atoke jeshini. Kabla ya hapo alisimama miaka ishirini na sita kwenye meza ndefu ya kukunjia, akilaza kitambaa, akipanga kamba, akifunga uzi wa mwisho, akipiga lakiri, ule muhuri wa madini ya risasi, kisha akijaza kadi. Namba yake ilikuwa ishirini na saba, na askari waliijua namba kuliko jina. Kulikuwa na desturi pale kikosini, kongwe kuliko yeye mwenyewe. Siku yoyote kamanda aliweza kunyoosha kidole rafuni, mwavuli ukateremshwa, namba ya aliyeukunja ikasomwa kwa sauti, na mwenye namba akauvaa na kuruka nao. Hakuna kuuliza, hakuna kusema leo kifua kinanibana. Dieketseng aliitwa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alitua mzima, ingawa mara moja alitua kwenye banda la nguruwe la mkulima jirani na wenzake wakamtania kwa hilo mpaka alipostaafu.

Ndiyo maana wakunjaji wa Tafelrand hawakuifanyia kazi yao mzaha. Watu husema kinyozi hajinyoi. Hawa walijinyoa, tena kwa wembe waliounoa wenyewe.

Halafu serikali ikagundua kwamba wakunjaji ni ghali. Kazi ikapewa kampuni ya Lepheo. Na mkurugenzi wa Lepheo alikuwa nani? Kanali Pule Letsoara, kamanda wa kikosi kilekile, aliyevua magwanda siku ya Ijumaa na Jumatatu akaingia kwa lango lilelile amevaa suti. Wakunjaji thelathini wakaagwa kwa keki moja. Meza zao, rafu zao, mashine zao za lakiri na hata namba zao zikahamia Lepheo kwa karatasi na sahihi. Dieketseng alikula kipande chake cha keki, akaenda mjini kununua cherehani.

Sasa alikuwa langoni tena, kwenye baridi ya Agosti, amevaa gauni la buluu la kitambaa cha shweshwe alilojishonea na viatu vya kanisani. Aliyempokea alikuwa Sajini Meja Dawie Fourie, mzee mwenye masharubu ya manjano ya tumbaku, mtu wa mwisho wa enzi zake aliyebaki kambini.

"Dieks! Bado uko hai?"

"Nife nimwachie nani mzigo wa kukusikiliza?"

"Nasikia siku hizi unashona magauni. Wateja wanaruka nayo?"

"Wanaruka wakisikia bei."

Fourie alicheka mpaka akakohoa. Akamshika mkono wakaanza kutembea kuelekea uwanja wa ndege, ambako ndege kubwa ya mizigo ilikuwa imeshushwa mlango wake wa nyuma na rubani anapasha injini. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na hema jeupe la wageni, viti vyenye riboni, na kipaza sauti kilichokuwa kikijaribiwa moja mbili, moja mbili.

"Leo kuna kitu utakipenda," Fourie alisema. "Unajua siku zote tunaruka na ile miavuli sitini ya mazoezi. Hiyo tunaikunja wenyewe, wiki baada ya wiki. Ile mia nne na kumi na mbili ya vita inakaa rafuni kwa Lepheo, haiguswi. Jana wizara wakapiga simu. Naibu waziri hataki mazoezi, anataka kuona ya vita yenyewe."

"Vizuri. Atafute ukweli mwenyewe."

"Ndiyo hivyo. Letsoara hakuulizwa, amejua asubuhi hii. Tangu hapo hajagusa hata chai." Fourie alitema pembeni. "Wewe unamjua, yule na chai."

Dieketseng alimjua. Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda mbele, kwa askari arobaini waliopanga mstari nyuma ya ndege na miavuli mgongoni, akimtafuta mmoja tu. Alimwona naye akaonwa. Koplo Usu Moipone Moleleki, miaka ishirini na minne, mwanawe wa pekee, alichomoka mstarini akaja mbio nusu, maana mwavuli wa vita ni mzito na humfanya mtu akimbie kama bata.

"Mama! Umependeza! Sajini Meja, nipe dakika moja, nimwoneshe kitu."

"Nusu dakika," Fourie alisema.

Moipone aligeuka akampa mama yake mgongo. "Soma kadi. Hapo kwenye mfuko mdogo. Soma!"

Dieketseng aliitoa kadi kwenye mfuko wake wa plastiki. Macho yake hayakuwa mabaya, ila alilazimika kuisogeza mbali kidogo.

"Ishirini na saba," Moipone alisema kabla mama yake hajasema, akicheka. "Wenzangu wote wamechukua ulio mbele yao tu. Mimi nimesema thubutu! Nimepanda ngazi nikautafuta wa kwako. Nimepangiwa kuruka wa kwanza, mama, na nitaruka na wewe mgongoni. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo?"

Kadi ilisema mkunjaji ni ishirini na saba. Ilisema pia tarehe ya kukunjwa, kumi na moja Juni. Dieketseng aliusoma mwaka. Akausoma tena, akausugua kwa kidole gumba kama vile ni uchafu utakaotoka.

Ulikuwa mwaka huu.

Juni ya mwaka huu alikuwa nyumbani kwake akishona blauzi arobaini za akina mama wa kanisa, mguu kwenye cherehani asubuhi hadi jioni. Alikuwa hajakanyaga kambini miaka tisa. Mtu mwingine alikuwa ameuandika mkono wake juu ya kitu ambacho mkono wake haukukigusa, na kitu hicho kilikuwa mgongoni mwa mwanawe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mlangoni mwa ndege yoyote.

"Moipone. Vua."

"Nivue nini?"

"Mwavuli. Vua sasa hivi."

Tabasamu la binti lilikufa polepole. "Mama, usianze. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nimekwambia vua."

"Mimi si mtoto wako hapa! Mimi ni Koplo Usu. Unaniaibisha mbele ya kikosi kizima, mbele ya naibu waziri..."

"Ninaurudisha mwavuli wangu," Dieketseng alisema, si kwa binti yake, kwa Fourie. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Namba ishirini na saba inaurudisha mwavuli wake."

Fourie aliacha kutafuna masharubu. Hilo nalo lilikuwa desturi, ndugu wa ile nyingine. Mkunjaji alikuwa na haki ya kuurudisha mwavuli wenye namba yake wakati wowote kabla mlango wa ndege haujafungwa, na hakuulizwa sababu. Katika miaka yake yote Fourie aliliona jambo hilo likifanyika mara mbili tu.

"Koplo," alisema kwa upole, "vua."

Moipone aliufungua mkanda wa kifua, wa kulia, wa kushoto. Machozi ya hasira yalikuwa yamemjaa. Aliuweka mwavuli chini mbele ya viatu vya kanisani vya mama yake, akaenda akasimama pembeni akiwa amekunja mikono.

Hapo ndipo Pule Letsoara alipofika, akitembea upesi kama mtu anayejizuia kukimbia. Mwili ulikuwa umemkaa vizuri ndani ya suti ya kijivu. Nyuma yake alikuwepo kijana mwembamba na faili jekundu kwapani, Sandile Mkhabela, msaidizi wa naibu waziri.

"Mme Dieketseng!" Letsoara alimwamkia kwa heshima ya Kisotho, akinyoosha mikono yote miwili. "Mama yetu. Kuna nini huku? Ratiba inatubana."

"Ntate Kanali," alimjibu kwa heshima ileile, "nani alikunja huu?"

Letsoara aliitazama kadi bila kuishika, akacheka kidogo. "Aa! Nimeelewa, nimeelewa. Samahani sana, tungekwambia. Unajua tulipochukua kazi tulirithi namba zote. Siku hizi namba ni ya meza, siyo ya mtu. Anayekaa meza ya ishirini na saba anatumia ishirini na saba. Ni mambo ya kompyuta tu."

Dieketseng alihisi damu ikirudi usoni, na pamoja nayo aibu. Namba ya meza. Ilileta maana. Serikali hubadilisha mambo, kampuni hubadilisha mambo, na mwanamke mzima amekuja na viatu vya kanisani kumvua mwanawe nguo hadharani kwa sababu ya kadi. Alimtazama Moipone. Moipone alitazama kando.

Kama mambo yangeachwa hapo, yote yangekwisha. Lakini Fourie alijikuna shingo akauliza, bila ubaya wowote, "Basi na aje huyo wa meza ya ishirini na saba. Kwa desturi si angeruka nao yeye? Ingependeza naibu waziri akiona."

"Hayupo leo," Letsoara alisema.

"Anaitwa nani?"

"Sajini Meja, nina wafanyakazi wengi..."

"Una wanne. Mimi ndiye ninayewaandikia pasi za langoni."

Msaidizi Mkhabela aliangalia saa. Kwenye hema kipaza sauti kilianza kuwakaribisha waheshimiwa wote kwa itifaki zao. Dieketseng alimtazama kamanda wake wa zamani, akaona jasho jembamba juu ya mdomo, Agosti, kwenye baridi inayogandisha bomba. Hakuwa na hakika ya chochote. Alikuwa na swali moja tu na njia moja ya kuliuliza, njia aliyofundishwa na kikosi hicho.

"Basi nitauvaa mimi," alisema.

"Nini?" Moipone aligeuka.

"Namba ni yangu. Nimeitwa mara kumi na moja, hii itakuwa ya kumi na mbili. Fourie, nishikie mkoba." Na kweli akainama, akaingiza mkono wa kulia kwenye mkanda, juu ya shweshwe lake la buluu. "Nitapanda na vijana. Nitaruka wa kwanza badala ya..."

"Hapana!" Letsoara alipiga ukelele.

Halikuwa neno la mkurugenzi. Lilitoka kama la mtu aliyeona mtoto akigusa waya wa umeme. Alikuwa ameshamkamata Dieketseng kifundo cha mkono, na alipoona wote wanamtazama aliuachia polepole. "Hapana," alirudia, chini chini. "Umri wako, mama. Bima."

Wala haikuwa bima. Dieketseng alikuwa amepata jibu lake. Mtu huyu alimwacha Moipone avae. Aliwaacha watoto wa watu arobaini wavae, akasimama na kikombe kisichonyweka, akitumaini. Alipoona anayekwenda kufa ni mtu aliyekula naye miaka ishirini, ndipo kinywa kilipofunguka.

"Dawie," alisema, "nisaidie kuulaza."

"Mme, ukivunja lakiri huo mwavuli hauhesabiwi tena," Letsoara alisema. "Unajua sheria."

Alijua. Alivunja lakiri.

Akavuta mfuniko, akaingiza mikono kama alivyoiingiza mara elfu nyingi, akavuta mfuko wa ndani, akakata uzi wa mdomo wake kwa mkasi mdogo aliotembea nao kama fundi. Mwavuli mzima hutoka wenyewe ukishafika hapo, humiminika mikononi. Huu haukumiminika. Ulitoka bonge zima, kama ugali uliolala kwenye sufuria siku tatu. Ile mipira inayoshika kamba ilikuwa imeyeyuka na kuwa gundi nyeusi, kamba zimegandana nayo na kitambaa kimegandana na kamba. Harufu ya uvundo ikapanda. Fourie, ambaye alishaona mengi, alisema neno la Kiafrikaans ambalo halisemwi mbele ya akina mama.

Lakini si hilo lililomfanya Dieketseng akae chini kwenye saruji na gauni lake jipya.

Alikuwa ameushika uzi alioukata. Ulikuwa mwekundu. Wakunjaji wote walitumia uzi mweupe wa serikali. Mwaka ule wa mwisho mweupe uliisha, maombi hayakujibiwa, na yeye akaleta wa kwake kutoka nyumbani, mwekundu, rili moja tu. Na fundo lilikuwa fundo lake, la kuzungusha mara mbili kisha kurudi nyuma, alilofundishwa na marehemu mama yake, la kufungia magunia ya mtama. Hakuna mkunjaji mwingine aliyelifunga vile. Walimcheka kwa ajili hiyo.

Hakuna aliyeghushi namba. Mwavuli ulikuwa wake kweli.

"Niliukunja mimi," alisema.

"Si nimekwambia?" Moipone alisema, akisogea karibu, haelewi. "Si nilisema ni wako?"

"Niliukunja miaka tisa iliyopita. Unatakiwa kufunguliwa kila siku mia na ishirini, uanikwe, ukunjwe upya. Hawakuufungua. Hawakuufungua hata mara moja. Wamebadilisha kadi tu."

Injini za ndege zilikuwa zikinguruma. Moipone alilitazama bonge lile chini. Mkono wake ulikwenda begani, mahali mkanda ulipokuwa, ukabaki hapo.

Letsoara alianza kuongea, na akishaanza hakuweza kuacha. "Wanne! Wanne kwa miavuli mia nne na kumi na mbili. Kila mwaka niliwaandikia wizara, nipeni pesa ya watu. Kila mwaka wananijibu, tupe idadi. Idadi, idadi! Tunalipwa kwa kila mwavuli ulio tayari, na serikali inatangaza kwa kila mwavuli ulio tayari. Mlitaka idadi, nikawapa."

"Sisi hatukukuambia uandike uongo," Mkhabela alisema kwa utulivu.

"Hamkuniambia nisiandike."

Kijana aliguna. Alifungua faili lake jekundu, akatoa kalamu, akachuchumaa aone vizuri, makini asichafue suruali. Dieketseng alimtazama kwa matumaini kabisa. Alidhani anaandika kusimamisha ndege.

"Kwa hiyo mmoja una kasoro," Mkhabela alisema. "Kutoka mia nne na kumi na mbili inabaki mia nne na kumi na moja. Kikosi kinahitaji mia tatu na hamsini ili kiitwe tayari, kwa hiyo tuko sawa. Nitairekebisha kwenye cheti kabla mheshimiwa hajasaini. Koplo apewe mwingine."

"Wewe!" Dieketseng alisema. "Umeona ulichokiona?"

"Nimeona mmoja, Mme. Ile mingine ina lakiri nzima." Alipekua kurasa, akasoma kwa kidole, kwa sauti ya mtu asiye na kosa. "Mwongozo wa ghala, kifungu cha nane. 'Mwavuli wenye lakiri nzima uhesabiwe kuwa u tayari. Mkaguzi ahesabu lakiri, asivunje lakiri.' Hiyo ndiyo sheria. Siyo mimi niliyeiandika."

Letsoara alimtazama Dieketseng, na Dieketseng akamtazama Letsoara.

Dieketseng ndiye aliyeiandika. Aliiandika kwa mkono, mezani, mwaka ambao wakaguzi wa wizara walikuwa wakija wakivunja lakiri ovyo kama watu wanaofungua vikopo vya ugoro, kisha wanapanda magari yao, wanawaachia wakunjaji kazi ya kukunja upya. Alikuwa na hasira siku hiyo. Letsoara, kamanda wakati huo, alisaini akicheka, akasema umewapatia. Wakati ule maneno yale hayakuwa na ubaya, maana nyuma ya kila lakiri kulikuwa na mtu aliyeweza kuitwa akaruka. Watu wakaondolewa, maneno yakabaki. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amemtanguliza mwanawe.

Mkhabela alikuwa ameshasimama. Kipaza sauti kikatangaza kwamba muda si mrefu wageni wataona kwa macho yao maana ya serikali na viwanda kushikana mikono, na wakatakiwa watazame juu.

Dieketseng aliinuka kwa kujishika kwenye mguu wa Fourie. Akaenda kwa askari wa karibu zaidi mstarini, kijana mwenye chunusi ambaye hakumjua, akamgeuza kwa bega bila kuomba ruhusa, akaitoa kadi yake.

"Kumi na nne," alisoma. "Imekunjwa tarehe kumi na tatu Juni, mwaka huu." Sasa sauti ilikuwa imerudi, na ilikuwa ile ya mezani, ya kuzidi kelele za mashine. "Namba kumi na nne ni Sellwane Mathibe. Sellwane tulimzika miaka sita iliyopita. Mimi nilishona kitambaa cha jeneza lake. Dawie, si ulibeba jeneza wewe?"

"Nililibeba," Fourie alisema. Alivua kofia yake.

"Namba kumi na nne amekufa!" Dieketseng aliwaambia wale arobaini. "Nani amekukunjia, mwanangu? Nani ataitwa?"

Askari walitazamana. Baadhi walikuwa wameshaweka mguu kwenye mlango wa ndege. Hakuna amri iliyotoka, maana mwenye kutoa amri alikuwa hemani karibu na naibu waziri, na Mkhabela alikuwa akipunga mkono kumwita mtu, yeyote.

Aliyesogea ni Moipone. Hakumtazama mama yake. Alimwendea yule kijana mwenye chunusi kwa nyuma, akashika lakiri kati ya vidole viwili akaipinda mpaka ikakatika.

"Sasa andika mia nne na kumi," alimwambia Mkhabela.

Kijana mwenye chunusi naye akamgeukia aliyekuwa mbele yake. Wa mbele akamgeukia wake. Ikawa mstari mzima, kila mtu mikono mgongoni mwa mwenzake, na lakiri zikidondoka kwenye saruji moja baada ya nyingine. Mifuniko ikafunguka. Mabonge yakashuka, mengine yameganda, mengine yana kinyesi cha panya, na mwavuli mmoja ulikuwa na kiota kizima ndani yake, nyasi na manyoya. Askari aliyekuwa ameuvaa alitapika. Mkhabela alikuwa bado ameshika kalamu, lakini alikuwa ameacha kuandika. Letsoara alikaa juu ya sanduku la zana, suti na yote, akafunika uso. Rubani akazima injini.

Ng'ambo ya uwanja hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Naibu waziri na wageni wake walikuwa wamesimama wamekinga macho kwa viganja, wanatazama mbinguni, na kipaza sauti kinawaomba subira.

Dieketseng alirudi kwenye mwavuli wake. Alimkuta Moipone ameshatangulia, amepiga magoti, anajaribu kutenganisha kamba mbili kwa kucha. Hazikutengana. Alizivuta mpaka kidole kikatoka damu. Mama yake akamshika mikono yote miwili akaituliza.

"Ulikuwa rafu ya juu kabisa," Moipone alisema. "Nilipoushusha ulikuwa na vumbi, mama. Vumbi jingi, nililipangusa kwa mkono wangu. Na sikujiuliza. Umekunjwa Juni, vumbi lote lile limetoka wapi? Sikujiuliza."

Dieketseng alitafuta neno la kumfariji, na la uongo hakulitaka.

"Hata mimi nisingejiuliza," alisema. "Lakiri ilikuwa nzima."